Pole na Kazi, Baba: Siku Niliyomfukuza Mtu kwa Mkono



Leo nataka kuzungumza nanyi kuhusu gofu. Najua, najua, wengine mshaanza kucheka: Frateri naye kaingia kwenye mambo ya mabosi. Nivumilieni kidogo. Kuna jambo lilinitokea juu ya majani yale ambalo miaka mitatu ya falsafa haikunifundisha, au labda ilinifundisha na mimi nikaishia kuliandika kwenye daftari tu.

Mpaka mwaka huu gofu niliijua kupitia dirisha la daladala. Ukitoka Mwenge kwenda Tegeta unapita Lugalo, na pale jeshini kuna kiwanja cha gofu cha mashimo 18. Wengi wetu wa Kinondoni tumepita hapo mara mia bila kuwaza kwamba ng'ambo ya uzio kuna watu wanatembea taratibu na mifuko ya fimbo. Kule mjini karibu na bahari kuna Gymkhana, ambako nako tunapita tu. Rafiki yangu mmoja wa Mbagala aliwahi kuniuliza kwa nini majani mazuri vile hayaliwi na ng'ombe. Sikuwa na jibu, na bado sina.

Mwaka huu nimetumwa parokiani kwa mazoezi ya kichungaji. Kuna mzee mmoja mstaafu, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, ambaye anapenda gofu kama wengine wanavyopenda Simba na Yanga. Akasema, "Frateri, wewe unakaa sana na vitabu, utaharibika mgongo." Akaanza kunichukua Alhamisi asubuhi, akaniazima fimbo, akanifundisha kusimama. Kiwanja tulichokuwa tunacheza sitakitaja, na watu pia sitawataja, maana aliyekosa katika habari hii ni mimi.

Kwa asiyeujua mchezo: mwisho wa kila safari kuna sehemu ya majani mafupi sana, wachezaji wanaiita grini. Majani yake hukatwa yakabaki na urefu wa milimita chache tu, na katikati kuna shimo lenye upana wa milimita 108. Mpira wenyewe hauzidi gramu 46. Hapo nguvu haisaidii. Unasimama kimya, unapima mteremko, unasukuma mpira polepole. Pumzi ikikatika, umekosa. Ndiyo maana wachezaji wa gofu wana adabu ya kunyamaza karibu sawa na sisi mbele ya Sakramenti Kuu. Mwenzako akiwa anapiga, huongei, husogei, hata kivuli chako hukiruhusu kipite kwenye njia ya mpira wake.

Sasa, majani yale hayajikati yenyewe. Kuna watu wanaamka kabla yetu wote: wa mashine, wa reki za kusawazisha mchanga, wa mipira ya maji, na wa kuhamisha shimo kutoka upande huu wa grini kwenda ule ili majani yasichakae mahali pamoja. Na kiwanja hakifungwi ili wao wafanye kazi. Wanafanya kazi humo humo, katikati ya watu wanaotaka kimya.

Alhamisi moja, kama saa mbili asubuhi, nilikuwa na mpira wangu mita mbili tu kutoka kwenye shimo. Kwa mtu kama mimi hiyo ni nafasi ya kusimulia wajukuu, ingawa kwa njia niliyochagua wajukuu hawapo. Nikainama. Nikapima. Nikavuta pumzi. Na hapo hapo, pembeni ya grini, mashine ya kukatia majani ikanguruma. Nikasimama wima. Alikuwa mtu wa makamo, ovaroli la buluu, gambuti, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, anasukuma mashine yake ananikaribia.

Nikampungia mkono. Msifikirie ule mkono wa kusalimia. Ulikuwa ule wa kufukuza kuku jikoni, vidole vikielekea chini, mara mbili. Mzee wangu akaongezea kwa sauti ya besi: "Wewe! Huoni watu wanacheza?"

Akazima mashine. Akavua kofia, akajifuta jasho, akageuka akatazama mitini ili asitutazame. Na alipovua kofia nikamjua. Ni baba wa jumuiya yetu. Ndiye anayeanzisha Rozari siku ambazo katekista hayupo. Wiki mbili kabla nilikuwa nimekula ugali na dagaa nyumbani kwake, na mtoto wake wa darasa la tano alinionyesha daftari la hesabu.

Unadhani nilifanya nini? Nilipiga mpira. Sikumsalimia. Nilisema moyoni, nimalize kwanza hii, kisha nitamwendea. Mpira ukapita kushoto kwa shimo. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshawasha mashine na anaelekea grini nyingine.

Ijumaa jioni niliungama. Padre aliyenisikiliza hakunipa falsafa. Aliniuliza kitu kimoja: "Umemwomba radhi?" Nikasema bado. Akakaa kimya kidogo, kimya kile ambacho ninyi mnaoungama mnakijua.

Usiku huo sikulala vizuri, na kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu, nikaanza kutafuta vitabuni kitu ambacho kilikuwa wazi tayari. Swali langu lilikuwa hili: nilipokasirika, nilikasirikia nini hasa? Ukisema "kelele" unajidanganya. Asubuhi ile kunguru wa Dar es Salaam walikuwa wanapiga makelele yao juu ya miti kama kawaida, na sikuwafukuza. Ndege ilipita angani ikielekea uwanjani, nikasubiri ipite wala sikukasirika. Kelele zilikuwepo tangu mwanzo. Kilichonichoma ni mtu.

Aristotle, katika kitabu chake cha Balagha, ana maelezo ya hasira yaliyonifanya nijisikie nimevuliwa nguo hadharani. Anaeleza kwamba hasira huzuka pale mtu anapoona amedharauliwa na yule ambaye hakuwa na haki ya kumdharau, na kwamba inakuwa kali zaidi mdharau anapokuwa mtu tunayemwona yuko chini yetu. Sasa jipime hapo. Kunguru hawezi kunidharau, hivyo simkasirikii. Lakini na Askofu je? Kama angekuwa Baba Askofu anakatiza kwenye grini ile, na yeye pia ana fimbo, nisingempungia mkono wa kuku. Ningesimama, ningetabasamu, ningebusu pete, na kukosa mpira ningekuhesabu kuwa baraka. Kumbe hasira yangu ilikuwa imeshapanga watu kwenye ngazi kabla kichwa changu hakijajua. Nilikuwa nimeshamweka baba yule mahali pake, na mahali pake palikuwa chini. Ovaroli ndilo lililofanya kazi hiyo, maana uso sikuuangalia.

Haya, mtu atasema: Frateri, unajitesa bure, dawa ya usumbufu ni kujizoeza. Ni kweli kuna njia hiyo, na ina watu wakubwa nyuma yake. Baba yake Tiger Woods, Earl, mwanajeshi aliyepigana Vietnam, alimzoesha mwanawe tangu mdogo kwa kumsumbua makusudi: mtoto anapopiga, baba anachezesha sarafu mfukoni, au anaangusha mfuko wa fimbo chini, pwaa! Mtoto akajifunza kutoyumba. Na kabla yake kwa karne nyingi, Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliandika barua kuhusu maisha yake alipopanga chumba juu ya nyumba ya kuogea. Anaorodhesha makelele yote: wanaobeba vyuma wakiguna, wauza vitafunio wakiita wateja, hadi watu wanaonyolewa manyoya wakipiga yowe. Anajisifu kwamba akili iliyotulia ndani haisumbuliwi na kitu cha nje. Halafu, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda, mwishoni mwa barua anatangaza kwamba atahama. Aisee! Kila aliyewahi kupanga karibu na baa hapa Sinza au Manzese atamwelewa.

Ninaiheshimu njia hii. Kwenye mtihani, kwenye sala, kwenye daladala, inafaa. Lakini usiku ule niliona mahali inapokwama. Inakufundisha kutosikia. Na kama kinachosikika ni sarafu au vyuma, sawa. Ila kama ni mtu, basi nikifaulu kabisa katika zoezi hilo nitakuwa nimefikia hatua ambayo baba wa jumuiya yangu anaweza kupita mita tano kutoka nilipo na nisione kitu. Mchezaji bora, lakini Mkristo wa aina gani? Yule aliyemfukuza kwa mkono angalau alijua kuna mtu pale.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu ananisogeza mbele kidogo. Alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, umri wa wengi wenu mnaosoma hapa. Anasimulia kwamba wakati wa tafakari ya jioni, nyuma yake alikaa mtawa mmoja mwenye mazoea ya kutoa mlio fulani mdogo, kama magamba mawili ya kombe yanayosuguana. Teresa alikuwa na sikio jepesi. Alitamani kugeuka amtazame ili ajue anakosea. Akajizuia mpaka akatoka jasho. Mwishowe akaacha kupambana na mlio ule, akaanza kuusikiliza kwa makini kana kwamba ni muziki mzuri, akamtolea Yesu muziki huo. Ona tofauti yake na Seneca. Yeye hakuziba sikio. Alilifungua zaidi.

Bado lakini. Mtawa yule hakujua lolote. Muziki ulibaki ndani ya Teresa, na kwa hali yao kanisani pengine ndivyo ilivyofaa. Mimi niliyepunga mkono siwezi kwenda nyumbani kumaliza mambo ndani ya moyo wangu kimya kimya. Mkono ulionekana.

Nikakumbuka Marko sura ya 5. Mnaijua: Yairo anamwomba Yesu aende haraka, binti yake yuko mahututi. Safari imeanza, umati unasukumana, ndipo yule mama aliyetokwa damu miaka 12 anagusa vazi. Yesu anasimama. Anauliza ni nani. Wanafunzi wanashangaa, watu wote hawa wanakusukuma na wewe unauliza nani kakugusa? Anaendelea kutazama huku na huku mpaka amwone. Tumezoea kuihubiri kwa upande wa yule mama. Nenda upande wa Yairo. Kila sekunde inayopita mtoto anakufa, na mama huyu kwa Yairo ni usumbufu kabisa. Na kweli, kabla Yesu hajamaliza kuzungumza naye, habari inafika kwamba binti amekufa. Kusimama kwa ajili ya mtu kuna gharama, na Injili haifichi gharama hiyo. Ila Yesu hakukubali kwamba kwa kuwa ana pa kwenda, yule aliyeko njiani amegeuka kuwa kitu.

Na mimi gharama yangu ilikuwa nini? Mpira wa gramu 46.

Naomba nisieleweke vibaya, maana najua kuna watakaosema sasa Kanisa linakataza gofu. Hapana. Mtakatifu Thoma wa Akwino ana sehemu nzima kuhusu michezo, katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 168. Anafundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili na inahitaji kupumzishwa kwa mchezo, kwamba kuna fadhila ya kucheza vizuri, na kwamba mtu asiyechangia furaha yoyote na kuwa mzigo kwa wengine wanaofurahi, naye anakosea. Mkumbushe hilo mwenyekiti wenu wa VIWAWA anayenuna kila mkiomba bonanza. Mchezo ni halali, na kutaka kimya wakati wa kupiga ni halali pia. Swali ni nani anayelipia kimya hicho.

Halafu kuna jambo lililonishangaza nilipomuuliza mzee wangu kuhusu sheria. Nilitegemea kitabu cha sheria za gofu kiwe upande wangu. Wapi! Hakuna sheria inayokupa nafasi ya kurudia kwa sababu mtu alipiga kelele. Umepiga, umehesabiwa. Mpira wako uliopigwa kutoka nje ya grini ukimgonga mfanyakazi kwa bahati mbaya, hupewi adhabu wala hupewi kurudia, unaucheza pale uliposimama. Eneo ambalo wafanyakazi wamelichora kwamba linatengenezwa, unaruhusiwa kuutoa mpira wako humo bila adhabu. Mpaka mwaka 2018 kitabu kilifunguliwa kwa sehemu ya adabu, na mle mchezaji aliambiwa awatahadharishe wafanyakazi walio karibu kabla ya kupiga mpira unaoweza kuwadhuru. Tangu 2019 kujali wengine kumeingizwa kwenye Sheria ya kwanza kabisa. Na viwanja vingi vina kanuni kwamba aliye kazini ndiye wa kwanza: mchezaji asubiri apewe ishara. Kwa hiyo mchezo wenyewe ulishaamua kwamba yule mtu ni sehemu ya kiwanja, kama upepo na mteremko. Hasira niliyoleta ilikuwa yangu binafsi, niliibeba kutoka nyumbani.

Ila "sehemu ya kiwanja" nako hakutoshi, si ndiyo? Upepo hauna mtoto wa darasa la tano.

Hapo ndipo lugha yetu ilinipiga kofi. Sisi tuna maneno ambayo sijayaona mahali pengine. Ukimpita mtu anayelima, anayefua, anayechimba mtaro, anayebeba zege, huwezi kupita kimya. Unasema "Pole na kazi." Naye anajibu asante, anaendelea. Mama yangu alikuwa anatupiga ukutini kwa kusahau hilo. Neno lenyewe ni la ajabu ukilifikiria: unampa mtu pole, kama aliyefiwa au aliyeumia, kwa sababu tu anafanya kazi. Unakiri kwamba kuna kitu kinamtoka. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa 1981 juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, alijenga hoja ndefu kwamba thamani ya kazi inatokana kwanza na kwamba anayeifanya ni nafsi, wala haitokani na aina ya kazi. Bibi yangu aliyasema hayo yote kwa maneno matatu akipita shambani kwa jirani.

Sasa weka adabu hizi mbili pamoja. Adabu ya gofu inasema: usitoe sauti. Adabu ya kwetu inasema: usimpite mtu kazini bila sauti. Nilikuwa nimejifunza ya kwanza kwa wiki sita, nikaisahau ya pili niliyonyonya.

(Na msidhani "pole na kazi" inalipa ada ya shule. Salamu haiongezi mshahara, na mwenye kiwanja anayesalimia vizuri huku akichelewesha malipo asijifiche nyuma ya makala haya. Papa Leo XIII alishalisemea jambo la ujira wa haki mwaka 1891 katika Rerum Novarum. Miezi mitatu baada ya waraka ule, huko Lugalo ya Iringa, watu wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani, na jina hilo ndilo tunalolisoma leo kwenye kibao tukiwa ndani ya daladala. Hilo la ujira linataka makala yake peke yake.)

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, jumuiya. Ilikuwa zamu ya nyumba nyingine, siyo kwake, lakini yeye alikuwepo, shati jeupe, Rozari mkononi. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha maneno ya kuomba radhi, yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Tulipomaliza sala, watu wakibeba viti vya plastiki, nikamfuata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Frateri." Kisha kabla sijafungua mdomo: "Ule mpira wako juzi, uliingia?"

Nikasema haukuingia.

"Nilijua," akasema, na akacheka, kicheko cha kawaida kabisa. "Ulikuwa umekaza mabega. Halafu pale panadanganya. Mtu akiangalia anaona pamenyooka, lakini mpira unakwenda kushoto. Wote wanakosa hapo. Mimi natembea juu yake kila siku na mashine, miguu inajua."

Jamani. Mimi nilimfukuza ili nipate utulivu wa kuusoma mteremko, na aliyeujua mteremko alikuwa yeye. Nikiwa nimemkodolea macho mpira, sikuona kitu. Yeye, aliyegeuziwa mgongo na adabu ya mchezo, alinitazama vizuri mpaka kwenye mabega. Mwanafalsafa Simone Weil, ambaye aliwahi kuacha kufundisha akaenda kufanya kazi viwandani, aliwaonya wanafunzi kuhusu jambo hili katika maandishi yake ya mwaka 1942: mtu akiambiwa azingatie, hukunja uso, hubana pumzi, hukaza misuli, na baada ya dakika mbili ukimuuliza alikuwa anazingatia nini, hana jibu. Nilikuwa nimemsoma. Nilipata alama nzuri kwenye somo hilo.

Nikamwomba radhi, bila utangulizi wala hitimisho. Akasikiliza, akasema, "Imekwisha hiyo." Halafu, kwa kuwa nilimuuliza, akanieleza upande wake, na sikuwa nimewahi kuuwaza. Asubuhi ana grini tisa za kumaliza kabla jua halijawa kali. Kila kikundi cha wachezaji kikimfikia, anazima mashine, anasubiri watu wanne wapige mmoja mmoja, anawasha tena. Mashine ikishakaa, kuiwasha ni kuvuta kamba mpaka bega linauma. Msimamizi hahesabu amezima mara ngapi, anaangalia majani. "Ninyi mnasema sisi tunawasumbua," akasema, "na sisi tunasema hivyo hivyo huku nyuma."

Nikamuuliza je, anawakasirikia. Akafikiri kidogo. Akasema wapo wanaoinua mkono kumshukuru wakimaliza, wapo wanaopita kama hakuna mtu, na wapo wa kupunga kama mimi. "Wa kupunga siwachukii sana. Angalau ameniona. Huyu wa kupita kama hakuna mtu ndiye huwa namuwaza nikirudi nyumbani."

Nililoliwaza usiku wa Ijumaa kwa saa tatu, na vitabu vimezunguka kitanda, yeye alikuwa nalo tayari.

Mzee wangu wa besi nilimsimulia pia. Hakufurahi mwanzoni. Alisema mchezo una taratibu zake, na kama kila mtu akianza kusalimiana kwenye grini hatutamaliza hata mashimo tisa, na Frateri usichanganye dini na kila kitu. Kuna ukweli katika hilo la kwanza. Hilo la pili tulibishana nalo garini mpaka Mwenge, na foleni ilikuwa upande wangu, tulikuwa na muda.

Wiki tatu baadaye tulirudi. Grini ile ile, na kwa neema au kwa mkosi mpira wangu ukasimama upande ule ule, mbali kidogo zaidi. Baba alikuwa anakuja na mashine. Alipotuona akazima kabla hatujasema chochote. Mimi nikauacha mpira, nikatembea mpaka ukingoni mwa majani mafupi.

"Shikamoo, baba. Pole na kazi."

"Marahaba. Asante, Frateri." Akatazama jua, akatazama mashine yake. Nikataka kuuliza habari za mtoto na hesabu zake, za mama nyumbani, za jumuiya ijayo. Akanikatiza kwa upole, mkono wake ukielekea kwenye mpira wangu:

"Piga, Frateri, piga kwanza. Nina grini nne bado."

Mzee wangu akaangua kicheko cha besi kilichosikika kiwanja kizima, kimya cha gofu kikavunjika mara moja. Nikarudi kwenye mpira. Nikalegeza mabega. Nikaelekeza kulia kidogo, nikasukuma, na kabla sijainua kichwa kuangalia nikasikia nyuma yangu kamba inavutwa, mara ya kwanza, mara ya pili, na mashine ikawaka.